Mnazi Uko Wapi?

Utende, Mafia
9 Julai 2024

Kwa Nahodha Muhidini, Tanga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo.

Kwa niaba yangu mwenyewe, na kwa niaba ya abiria wote wa boti ya Utende na Juani, ninasikitika kukutangazia rasmi msiba wa kikombe chako cha bati, kile cha buluu chenye kovu mdomoni, kilichofikwa na mauti asubuhi ya kwanza tuliyovuka bila wewe, saa moja kasorobo, katika maji ya kati ya Utende na kisiwa cha Chole. Kilichukuliwa na wimbi. Mwili haujapatikana. Marehemu ameacha chupa moja ya chai na kifuniko chake. Khitma haitakuwepo, maana Bi Zuleikha amesema boti yake haifanyi safari za bure.

Baada ya tanzia hiyo, hali yangu ni njema, ila njema ya kujibia salamu. Hii ni wiki ya tatu tangu uondoke kwenda kwa mwanao Mwanasiti, na mimi bado nikiamka alfajiri nawahi pwani nisije nikakuta umeshafika ukanisema. Nafika, sikukuti, najisema mwenyewe.

Bi Zuleikha, mwenye boti na mwenye maneno, aliniita siku uliyopanda meli. Akaniambia: "Taufiki, umekaa omo miaka kumi na saba, unachungulia mbele kama kuku anayetafuta mchwa. Nakupa tezi, ukae nyuma ushike usukani. Msaidizi hutapata, boti ni ndogo. Mwisho wa mwezi wa nane nitapanda mwenyewe nikuone. Ukiiweza, wewe ndiye nahodha. Ukinikwamishia boti yangu, namwita Sadick wa Bwejuu, na wewe utafute kwa kwenda."

Nina miaka arobaini na saba, Mzee. Wenzangu wanaoza mabinti, mimi ndiyo kwanza nafundishwa kukaa.

Abiria nao hawanisaidii. Yule Mwalimu Amina, anayevuka kila siku kwenda kufundisha Juani, kila akipanda ananiuliza: "Nahodha, tutafika leo, au nibebe na madaftari ya kesho?" Na wanacheka, na mimi nacheka nao, maana kunyamaza ni kukubali.

Linaloninyima raha ni Jiwe la Mkwe. Mengine nayamudu. Jiwe, wewe unalijua: halionekani, lakini ukiligusa nyumba nzima itapata habari. Na wewe ulinipa alama moja tu ya kulipita. Mnazi mrefu wa Bwana Hamoud ukikaa sawasawa juu ya pembe ya ukuta wa msikiti wa Juani, tuko kwenye mlango. Ukitoka kwenda kushoto, Jiwe liko chini yetu. Ukienda kulia, tunapanda fungu la mchanga. Kila asubuhi ulinipa mtihani ule ule: "Taufiki, mnazi uko wapi?" Nami najibu: umekaa; umetoka kushoto shibiri moja; unarudi; umekaa. Kila asubuhi, jua na mvua, na hukunisifu hata siku moja. Kujibu nimehitimu. Kushika usukani huku naangalia, huku napunguza mashine, huku Bi mmoja ananiuliza kama kuku wake analipiwa nauli, hilo hukunifundisha.

Basi nina maswali tisa, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Nakuomba uyajibu yote. La tisa ni hili: kwa nini umenikataza kupiga simu? Kidawa mke wangu anasema hajawahi kuona mtu ana simu mfukoni, halafu anatafuta stempu.

Mwanafunzi wako mzee,
Taufiki


Tanga
17 Julai 2024

Taufiki,

Wa alaykum salaam. Marahaba.

Tanzia nimeipokea. Kikombe kile nilikinunua Kilindoni hujaota ndevu. Ila nieleze: ni wimbi gani linalopanda mpaka ubao wa tezi, saa moja kasorobo, ndani ya ghuba? Tuyaache.

Maswali yako tisa nimeyasikia. La kwanza mpaka la tatu majibu yake unayo. La nne ni upuuzi. Kuku halipiwi akiwa mapajani, analipiwa akiwa ndani ya tenga. La tano, la sita, la saba ulinijibu mimi mwenyewe zaidi ya mara mia, umesahau tu kwamba ni wewe uliyekuwa ukisema. La nane sikulielewa, na nadhani hata wewe hukulielewa.

La tisa nitalijibu. Mwenye simu huuliza kabla hajafikiri. Ukiandika, mpaka barua ipande boti, ipande basi, ilale Dar, ifike huku, jambo lenyewe limekwisha. Ama umelitatua, ama limekutatua wewe. Ndiyo shule hiyo.

Mimi hali yangu ni ya yai. Mwanasiti ananiweka kitako. Nikisimama ananikalisha. Nikishika kisu nimenye chungwa, ananipokonya, analeta limeshamenywa, limeshatolewa na kokwa. Juzi nimesema nakwenda msikitini peke yangu, hatua sitini kutoka mlangoni kwetu, nimezihesabu. Sijafika ya ishirini nikasikia kandambili nyuma yangu. Amenitumia mtu. Miaka thelathini na moja nimevusha watu, leo navushwa barabara.

Usinililie kuhusu kukaa tezi. Kuna wanaoitamani.

Muhidini


Utende
26 Julai 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Sasa sina utani. Mnazi umekatwa.

Ule. Wa Bwana Hamoud. Wiki iliyopita, asubuhi, nimetoka Utende na abiria kumi na mmoja, nimeipita Chole, nainua macho kutafuta alama, naona mbingu. Nikafumba macho, nikafumbua. Mbingu. Nikadhani nimepotea njia, na njia yenyewe ni ile ninayopita tangu nina nywele. Nikazima mashine. Tukaelea pale nusu saa mpaka maji yakajaa, Mwalimu Amina akanambia: "Nahodha, kama ni kuomba dua tuambie, tuitikie."

Tulipofika nikapanda shambani. Nimemkuta Bwana Hamoud amekaa juu ya gogo lake.

"Bwana Hamoud, mnazi huu ulikuwa na kazi."

"Kazi gani? Mwaka wa tano haujazaa hata kitale. Kichwa chote kimeliwa na wadudu, wale chonga. Ungeniangukia banda."

"Ulikuwa alama ya boti."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua."

Akanitazama kwa huruma, Mzee, na mimi huruma ya tajiri siipendi. Akasema: "Taufiki, marehemu baba ameniachia minazi mia mbili na kumi. Chagua mwingine wowote, nitauandika jina lako."

Nimechagua. Nimejaribu minne. Wa kwanza unanipeleka kwenye fungu, wa pili kwenye Jiwe, wa tatu moja kwa moja jikoni kwa Bwana Hamoud. Wa nne nimeufuata siku mbili nikagundua ni mnara wa simu.

Kwa sasa navuka maji yakiwa yamejaa tu. Asubuhi yakiwa yamekupwa, nangoja. Walimu wanafika shuleni saa nne, watoto wameshacheza wamechoka. Bi Zuleikha amekuja pwani na mwavuli wake, akaniuliza mbele ya watu: "Boti yangu inafuata saa, au inafuata woga wako?" Nikajifanya nafunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

Nakuomba kitu kimoja. Nahodha wa miaka thelathini na moja hawezi kuwa na alama moja. Unayo nyingine. Ni nyumba, ni mkoko, ni kaburi, mimi sijali, nitajie. Mwezi wa nane unaingia.

Halafu mwandiko wako umenona tangu uhamie Tanga. Huku herufi zako zilikuwa zinatembea upande upande kama kaa.

Mimi,
Taufiki


Tanga
4 Agosti 2024

Taufiki,

Marahaba.

Alama ya pili sina. Ningekuwa nayo ningekupa, mimi si mchoyo.

Mwandiko ni kwa sababu Tanga kuna meza.

Mnazi si kitu. Kabla mnazi huo haujaota, watu hawakuwa wakivuka? Angalia maji. Sikiliza mashine, sikiliza boti inavyokaa. Mimi mwenyewe nimevuka siku nyingi bila kuutazama. Mtu mzima hasimamishi kazi kwa sababu ya gogo moja.

Na usiniandikie tena habari za mnazi. Niandikie umevuka.

Muhidini


Utende
13 Agosti 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Umeniambia nisiandike habari za mnazi. Naandika habari zako basi.

Miaka kumi na saba nimekubebea nanga. Nimekusukumia boti kwa upondo mpaka mikono ikaota sugu za punda. Nilipokuomba usukani, hata kwenye maji ya kina, hata saa ya kurudi tukiwa watupu, ulisema: "Wewe kaa mbele, kazi yako ni macho." Nikakaa. Nilidhani iko siku utanigeukia unambie, njoo nikuonyeshe. Siku hiyo haikuja. Ulipanda meli na begi lako, ukaniachia boti, ukaniachia mnazi mmoja, na mnazi wenyewe umeshakuwa kuni.

Leo nakuomba alama unaniambia nisikilize maji. Maji yamesema nini lini, Mzee? Wewe ulivuka bila kuutazama mnazi, sawa, basi ulitazama kitu kingine. Kitu gani? Nasikia mafundi wa zamani walikuwa wakifa na ufundi wao kifuani, lakini wale angalau walikuwa wamekufa. Wewe uko hai, unakula chungwa lililomenywa.

Kama uliona sina akili ya kazi hii, ungeniambia nikiwa na miaka thelathini. Ningelima mihogo.

Juzi tuligusa kidogo. Robo saa hivi, maji yakatubeba, hakuna aliyeumia. Nakwambia usije ukasikia kwa mwingine. Bi Zuleikha naye amesikia. Atapanda tarehe thelathini, na Sadick wa Bwejuu atapanda naye. Kidawa amenishauri nivae shati la Idd. Sijui ni la kufurahia au la kuagia.

Sitegemei jibu.

Taufiki


Tanga
22 Agosti 2024

Mwanangu Taufiki,

Assalaam alaykum.

Mwandiko huu ni wa Mwanasiti. Na zile zote zilizotangulia ni wake. Ndiye anayenisomea zako, akicheka pale unapotania. Hii ya mwisho hakucheka. Ameisoma, akaikunja, akaniambia: "Baba, mwambie, au mimi nitamwambia." Naye amenipa ahadi ataandika kama ninavyosema, hatapamba.

Sioni. Daktari wa huku anaiita presha ya macho, anasema kilichokwenda kimekwenda. Naujua mchana na usiku. Naujua mlango kwa sababu ni mweupe. Nyuso zimenipotea. Ndiyo maana nimekuja Tanga. Sikuja kupumzika kama nilivyowaaga.

Na haikuanza Tanga. Mnazi wa Hamoud nimeuona mara ya mwisho Ramadhani ya mwaka juzi. Baada ya hapo nilikuwa naona kitu kama moshi, na baada ya moshi sikuona kitu. Nikasema nitaacha kazi mwezi ujao. Ukaja mwezi ujao nikasema huo mwingine. Nikae wapi, Taufiki? Nyumbani hapana mtu tangu mama Mwanasiti atangulie. Pale tezi watu walikuwa wakinisalimia kwa cheo.

Umeuliza nilitazama kitu gani. Nitakujibu, na ni neno linalonikata ulimi. Sikutazama. Nilikuuliza wewe.

"Taufiki, mnazi uko wapi?" Zamani lilikuwa swali la mwalimu, kweli, nilikuwa nakupima. Kisha likawa swali la mtu asiyejua. Uliposema umetoka kushoto shibiri, mkono wangu ulikwenda shibiri. Uliposema unarudi, nikarudi. Na hukuwa ukisema mnazi peke yake. Ulikuwa una mdomo, Mungu akuhifadhi, ulikuwa husimami: maji hapa yamekuwa meupe, pale yanachemka, leo Jiwe limevaa povu, mkondo unavuta. Nilikuwa nakukaripia unyamaze, halafu naomba Mungu usinyamaze. Kila ulichokisema ndicho nilichokifanya. Maswali yako ya tano, ya sita na ya saba nilisema ulinijibu zaidi ya mara mia. Ulidhani naleta mafumbo.

Usukani sikukupa kwa sababu ungekaa tezi nani angekaa omo? Mimi? Nikachungulie nini?

Nimebeba watoto wa watu miaka miwili bila kuona. Hilo ni baina yangu na Mola wangu, na ukitaka kulisema kwa Bi Zuleikha lisemwe, mimi sitakanusha. Simu nilikukataza kwa sababu ungeniuliza papo hapo, na mimi ningekujibu kwa kubahatisha, na wewe ungeniamini.

Alama ya pili sina. Niliyekuwa naye ni wewe.

Muhidini

Kaka Taufiki, ni mimi Mwanasiti. Nimeandika kama alivyosema. Aliposema lile neno la "nikae wapi" sikujua niweke alama gani, nikaweka ya kuuliza. Jana amekwenda msikitini na kurudi peke yake. Sikumtumia mtu.


Utende
9 Septemba 2024

Mzee wangu Nahodha Muhidini, shikamoo.

Mwanasiti, msomee taratibu, na asinikatize.

Barua yako ilinifika siku moja kabla Bi Zuleikha hajapanda, nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimekasirika, ya pili nimekokotoa ni watu wangapi tumewavusha katika miaka miwili nikapata jasho, ya tatu nimecheka peke yangu mpaka Kidawa akatoka jikoni kunitazama kama nina homa. Bi Zuleikha sijamwambia. Nitakuachia wewe na Mola wako, kama ulivyosema, ila na mimi nimo humo, maana kama boti ilikuwa na nahodha kipofu ilikuwa pia na nahodha mjinga.

Sasa na mimi nina yangu ya kusema, maana nimekuwa nikikuandikia uongo tangu barua ya kwanza.

Nilikwambia tuligusa kidogo, robo saa. Tulikaa saa tatu na nusu. Maji yalikuwa yanakupwa, boti ikapanda juu ya Jiwe ikatulia kama imekuja posa, na bahari yote ikaondoka ikatuacha. Mwalimu Amina alikuwa amebeba mitihani ya majaribio ya darasa la saba ndani ya mkoba wake, ameufunga na mfuko wa plastiki. Alishuka akatembea kwenye tope mpaka Juani, viatu kichwani, mkoba juu ya viatu. Watoto walimngoja mpaka karibu na adhuhuri. Hakunitania siku hiyo, na ningelipa anitanie. Waliobaki walimenya mihogo ya watu waliyokuwa wakiipeleka kwa watu wengine.

Nilimwambia Bi Zuleikha ni kwa sababu mnazi umekatwa. Wewe nilikwambia ni kwa sababu umeninyima alama. Zote mbili si kweli. Jiwe nililiona, Mzee. Asubuhi ile maji yalikuwa kama kioo. Maji ya mlangoni yalikuwa meusi kama kaniki, na kushoto yakaanza kuwa rangi ya chai ya maziwa, nikaiona kabisa, nikaona na samaki wamesimama juu yake. Nikajua tumeshatoka kwenye mlango. Na mkono haukwenda. Nilikuwa nangoja. Nilikaa pale na usukani mkononi nikingoja sauti ya kuniuliza, ili nijibu. Hakuna aliyeniuliza, nikanyamaza, tukapanda.

Hilo sikulielewa mpaka nilipoipata barua yako. Nilidhani ni uzembe. Uzembe ninao, lakini ule haukuwa uzembe.

Tarehe thelathini Bi Zuleikha akapanda, na mwavuli wake, na Sadick wa Bwejuu pembeni yake, kifua kipana, amekunja mikono. Akachagua saa mwenyewe: maji yakiwa yanakupwa. Nimevaa shati la Idd, limelowa mgongo kabla hatujaondoka. Tumeipita Chole. Nikaona pembe ya ukuta wa msikiti, na juu yake hakuna kitu. Nikasema kwa sauti, maana kwa moyo nilijaribu ikakataa:

"Taufiki, mnazi uko wapi?"

Boti nzima ikageuka. Nikajijibu: "Mnazi haupo. Maji meusi yako mbele, mapana kama ua wa nyumba. Kushoto yanaanza weupe."

Nikajiuliza tena: "Wafanyaje?"

"Naenda kulia kidogo. Mkondo unavuta. Napunguza mashine."

Bi Zuleikha akanikazia macho. "Taufiki, unazungumza na nani?"

"Na nahodha, Bibi."

"Na anayejibu nani?"

"Mtu wa omo."

Mwalimu Amina akainama akajificha kwenye mtandio wake, mabega yanamcheza. Mimi sikuwa na nafasi ya kuona haya, niliendelea kuuliza na kujibu kama mwendawazimu wa sokoni, mpaka tukauacha mlango nyuma. Usidhani tulipita kama hariri. Mkuku wa boti, kule chini, ulikwaruza mchanga upande wa kulia, wote tuliusikia, na Sadick akasema: "Umechelewa kupinda." Ni kweli nilichelewa. Nikamwambia ni kweli.

Tulipotia nanga Bi Zuleikha alishuka, akafungua mwavuli, akasimama majini kwanza. Akasema: "Sadick, nauli yako ya kurudi Bwejuu nitakupa. Na wewe, kaa na boti. Siku nitakayosikia umenyamaza, namwita tena." Akaenda zake. Sifa yenyewe ndiyo hiyo, nimeipokea, sina pengine pa kuipata.

Tangu siku hiyo sihitaji kujiuliza. Tukiikaribia pembe ya msikiti, Mwalimu Amina anaanza, na kina mama wanaovuka kwenda kulima mwani wanamfuata: "Nahodha, mnazi uko wapi?" Na watu wa nyuma wanajibu kabla yangu: "Umekatwa." Ndipo nasema ninachokiona. Ni aibu ya kila siku, saa moja asubuhi, na saa tisa tukirudi. Lakini tunapita.

Limebaki moja, kisha nifunge.

Kikombe. Uliniuliza ni wimbi gani. Hapakuwa na wimbi.

Unakumbuka nilivyokuwa nakupa chai. Tukishaiacha Utende, kabla ya Chole, nakuja kukaa kwenye ubao wa karibu na wewe, nakupa mgongo, macho yangu mbele, namimina, na naunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kishikio nakielekeza upande wako, namimina nusu tu, na nangoja vidole vyako vikiguse kwanza ndipo niachie. Nilianza hivyo mwaka juzi, nilipokuona unatia kidole kikombeni ili ujue chai imefika wapi. Basi ndiyo, nilijua huoni chai. Nilidhani ni ugonjwa wa karibu, kama wangu mimi wa kusoma, kwamba mbali unaona kuliko sisi sote. Mnazi sikuutia kwenye hesabu. Sikutaka kukuaibisha, nikawa nageuza kishikio, na sikusema.

Siku yangu ya kwanza tezi, tulipoiacha Utende, nilimimina chai nusu kikombe. Nikageuza kishikio. Macho yangu mbele. Nikaunyoosha mkono nyuma, nikahisi kitu kimegusa, nadhani ni upepo, nikaachia.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu, Mzee. Mahali pako nilikuwa nimekaa mimi.

Wako,
Taufiki